Mawazo yakikatika ukiwa mimbarani

SWALI

Shikamoo, Padre. Mimi ni katekista katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, huu ni mwaka wangu wa sita. Wiki tano zilizopita nilihubiri Luka 15, habari ya mwana mpotevu. Nilikuwa na hoja saba za toba, zote nimezikariri. Nilipofika kwenye "alipozingatia moyoni mwake", mawazo yakakatika. Sikusahau neno, nilisahau nilikuwa naelekea wapi. Nilisimama kama dakika tatu, jasho linatiririka, nikasema "Bwana asifiwe" mara sijui ngapi, nikasoma somo upya, nikafunga kwa sala. Nje, mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, "Mwanangu, leo ulikuwa na nini?" Tangu siku hiyo naandika kila neno na kusoma karatasi, na watu wanasinzia. Je, huu ni ugonjwa? Au Roho ameniacha? Sikukuu ya mavuno nimepangwa kuhubiri mimi, na wageni watatoka Masasi.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Naanza na zile dakika tatu, maana siamini kama zilikuwa tatu. Tangu simu za kurekodi ziingie kanisani nimekuwa nikiwafundisha makatekista wa huku kusini kwa kuwasikilizisha sauti zao wenyewe. Kijana mmoja wa upande wa Nachingwea aliniapia kwamba alisimama kimya "dakika nzima na ushei". Tukasikiliza: sekunde tisa. Kwa aliyesimama mbele, sekunde huvimba kama kunde zilizolowekwa. Kwa waliokaa, sekunde tisa zinamtosha mama kumhamisha mtoto paja hili kwenda lile, basi. Na wewe ulinyamaza mahali ambapo mhubiri mzoefu angenyamaza kwa makusudi: kijana yuko kwa nguruwe, njaa inamuuma, anazingatia moyoni mwake. Si ajabu nusu ya kanisa ilidhani unawapa nafasi nao wazingatie. Kama kuna kilichowashtua, ni "Bwana asifiwe" ya nne.

Yangu mimi ilikuwa mazishini, Lindi, enzi nywele zangu zikiwa bado nyeusi. Nikiwa katikati ya kuwafariji wafiwa, jina la marehemu likanitoka. Badala ya kusema "marehemu" tu nikaendelea na safari, nikang'ang'ana kulitafuta, na lililokuja mdomoni lilikuwa jina la mdogo wake, aliyekuwa amekaa mbele yangu, mzima wa afya. Watu wa pwani wana adabu zao. Hawakucheka mpaka siku ya arobaini.

Nalitaja hilo kwa sababu kosa langu na lako ni moja. Tulikwenda kukitafuta kilichopotea. Jina au wazo likikutoka mbele ya watu, ukilikimbilia kwa nguvu humpata jirani yake, na huyo jirani anasimama mlangoni hataki kupisha. Kinachosaidia ni kurudi pale ulipokuwa kabla ya kupotea, kama anayeokota njia porini: harudi nyumbani, wala hakati vichaka kwenda mbele, anarudi hadi pale alipoiona njia mara ya mwisho. Hayo mengine nitakayoandika hapa ni maelezo ya hilo.

Kwanza ujue kilichotokea kichwani. Vitu ambavyo akili inaweza kuvishika mkononi kwa wakati mmoja ni vichache mno. Mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba ni kama saba, pungufu au zaidi ya hapo kwa viwili. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan alipitia ushahidi upya akaishusha hesabu hiyo mpaka kama vinne. Sasa jihesabie mzigo wa asubuhi ile. Kuna hoja unayoisema, na kuna inayofuata. Kuna Kiswahili cha Biblia, ambacho si Kiswahili cha sokoni. Mtoto analia, pengine mvua imeanza juu ya bati. Mikono imejaa tayari. Halafu kinaingia kitu kimoja zaidi, nacho hakina haya: "Hivi ninaonekanaje?" Hapo ndipo kimoja huanguka, na mara nyingi kinachoanguka ni kile ambacho hakijatamkwa bado, yaani njia ya mbele.

Kikishaanguka, mwili unachukua hofu kama vile umekutana na chui. Adrenalini, homoni ya hofu, inamwagika, moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa. Hali hiyo ni nzuri kwa kukimbia. Kwa kupanga maneno ni mbaya, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika mpangilio wa mambo, ndiyo ya kwanza kulegea woga unapozidi. Ndiyo maana hoja zote saba zilikurudia ukiwa njiani kwenda nyumbani, zimejipanga kama askari.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo penye dawa yako. Hukuzitaja hizo hoja saba, lakini nazijua kwa sura. Toba ni kujitambua, toba ni kuinuka, toba ni kukiri, na kadhalika, kila moja inaanza na "toba ni". Hoja za namna hiyo ni ndugu saba waliovaa sare: ukimwona wa tatu, hakuna kitu usoni pake kinachokuambia wa nne ni nani. Mhubiri hakatikiwi na mawazo katikati ya hoja. Hukatikiwa kwenye kiungo, pale hoja moja inapoachana na nyingine, na wewe hukuwa na viungo, ulikuwa na orodha. Angalia mnada wa mavuno baada ya ibada. Sijawahi kuona dalali akipotewa, na wengine nawafahamu, kichwa si chao. Ni kwa sababu jogoo huyu akiuzwa, anayefuata tayari ameshikwa mkononi anapiga kelele.

Luka mwenyewe amekupa jogoo wako mkononi. Kijana ametapanya mali, na njaa ikaingia nchini, kwa hiyo akajiambatanisha na mtu. Mtu yule alimpa nguruwe wa kulisha lakini hata maganda hapana aliyempa, kwa hiyo njaa ikamkumbusha nyumbani. Soma vizuri alichokizingatia: hakuanza na dhambi, alianza na chakula. "Ni watumishi wangapi wa baba yangu wanaokula chakula na kusaza." Njaa ikamkumbusha nyumbani, kwa hiyo akapanga maneno ya kusema, amepanga maneno, kwa hiyo akaondoka. Hapo hakuna cha kukariri. Kila tukio linalivuta linalofuata kwa kamba ya "kwa hiyo". Ukikwama kwenye "alipozingatia", jiulize tu: alizingatia nini? Njaa. Basi, umerudi njiani.

Na kwa kuwa tuko hapo: umewahi kuona kwamba hata yeye hotuba yake ilikatika? Kule kwa nguruwe aliandaa sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika kwa baba yake akasema ya kwanza na ya pili. Ya tatu haikutamkwa, baba alikwisha kuita watu walete vazi. Ungeigundua hiyo siku ile ungekuwa na mahubiri mengine mazuri, ila hiyo ni bahati ya mtu anayejibu barua akiwa amekaa kwenye kiti.

Kuhusu Kiswahili. Kama wewe ni Mmakonde kama ninavyodhani, unawaza kwa lugha moja na kuhubiri kwa nyingine, na hiyo ni kazi juu ya kazi. Wengi wetu huku, Wamakua, Wayao, Wamwera, tumo humo humo, na hatusemi kwa sababu tunaona aibu. Jumatano au Alhamisi, mnapobangua korosho nyumbani, mhubirie mama watoto kwa Kimakonde, bila kitabu, kama unamsimulia habari ya jirani. Akikuuliza "Kwa nini?" mahali na wewe ukababaika, hapo ndipo utakapokwama Jumapili, pashone. Mahubiri usiyoweza kuyasimulia kwa lugha ya mama yako bado hujayaelewa, umeyakariri tu. Ukishamaliza, ndipo uyavike Kiswahili.

Halafu usijifunze kuanzia mwanzo kila mara. Mtazame mtoto anayejifunza Baba Yetu: mkatishe kwenye "mkate wetu", na hawezi kuendelea mpaka arudi "Baba yetu uliye mbinguni". Wahubiri wengi wanajiandaa hivyo hivyo, ndiyo maana utangulizi wao unang'aa na mwisho unachechemea, na wakikatika hawana pa kushika isipokuwa kusoma somo upya, kama ulivyofanya. Ukiwa kwenye baiskeli kwenda shamba, anza na sehemu ya tatu. Kesho anza na ya mwisho. Keshokutwa anza katikati ya ya pili, na kwa sauti. Kujisomea kimoyomoyo ni kujidanganya. Sentensi ya mwisho kabisa ya mahubiri ndiyo peke yake ninayokuruhusu kuikariri neno kwa neno, ili lolote likitokea uwe na mlango wa kutokea.

Kuna ufundi wa kale ambao wasemaji wa Roma waliutumia, na Cicero, mmoja wao, ameusimulia kwa kisa cha mshairi wa Kigiriki, Simonides. Paa la ukumbi wa karamu liliwaangukia wageni, maiti hazikutambulika, lakini Simonides, ambaye alikuwa ametoka nje kidogo, aliwataja wote kwa kukumbuka kila mmoja alikaa wapi. Tangu hapo wasemaji wakawa wanaziweka hoja zao mahali wanapopajua. Wewe una barabara ya kwenda Mtwara. Mweke kijana anayedai urithi stendi ya Newala, utapanyaji uweke Tandahimba (wenyeji wa Tandahimba wanisamehe), nguruwe na njaa Nanyamba, na baba anayekuja mbio umkute Mtwara mjini. Ukiwa mimbarani unasafiri tu. Mimi binafsi siutumii sana kwa hadithi, kwa kuwa hadithi ina barabara yake tayari. Nautumia kwa nyaraka za Paulo, ambazo hazina nguruwe wala jogoo.

Sasa siku yenyewe, mawazo yamekatika. Funga mdomo. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta. Moyo hushuka kwa kutoa pumzi, si kwa kuvuta. Tazama chini kwenye Biblia, na kidole chako kiwe pale kwenye mstari unaouhubiri, tangu mwanzo kiwe pale, kwa sababu ukianza kuutafuta ukurasa umepotea mara mbili. Kisha irudie sentensi yako ya mwisho, taratibu, kama vile ni nzito na unataka waisikie mara ya pili. "Alizingatia... moyoni mwake." Mara nyingi sana sentensi hiyo yenyewe itaileta inayofuata. Isipoileta, waulize: "Jamani, tumemwacha wapi kijana wetu?" Watu wetu wamelelewa kwenye ngano, wamezoea kuitikia, bibi mmoja atasema "kwa nguruwe!" na kanisa litachangamka kuliko lilivyokuwa. Hata hiyo ikishindikana, ruka uende kwenye sentensi ya mwisho, useme amina. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mahubiri yalikuwa mafupi.

Kuna hila mbili zinazotumika sana ambazo sizipendi. "Bwana asifiwe" ni salamu na ni sifa, na moja itakununulia pumzi. Lakini ikirudi rudi kila penye shimo, watu huanza kuyahesabu mashimo. "Mwambie jirani yako" ni hivyo hivyo. Pambio ni afadhali, maana watu huimba kweli na wewe unapata dakika mbili za kutazama karatasi, ila mwimbishaji awe anajua mapema, na isiwe kila wiki.

Karatasi usiitupe. Kosa lako halikuwa kuandika, ni kuandika kila neno na kuzamisha uso humo. Chukua nusu ya karatasi ngumu, ile ya jalada la daftari, uandike kwa herufi kubwa viungo tu: "ametapanya, kwa hiyo...", "hapana aliyempa, kwa hiyo...". Vinne, visizidi. Simu sikushauri, kioo huzimika, na siku moja itakuletea ujumbe wa salio katikati ya Zaburi.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Kwa ulivyoeleza, hapana. Ila niulize na mimi: usiku wa kuamkia siku ile ulilala? Mkesha, baiskeli ya saa nzima, tumbo tupu na koo kavu vinatosha kumkata mawazo hata mtu wa miaka ishirini. Najua huko juu uwandani maji ni ya kuhesabu, lakini glasi moja kabla ya ibada si anasa. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi navyo vimewaangusha wengi. Kama una kisukari, au kama watu wanakuambia huwa unakodoa macho na kutosikia unapoitwa hata ukiwa nyumbani umetulia, au unapotea njia unazozijua, nenda hospitali ya wilaya ueleze. Na kama siku yoyote maneno yatakuwa mazito ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au mkono mmoja kulegea, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Wasikukalishe wakuombee kwanza, wakupeleke hospitali saa hiyo hiyo, wakuombee garini.

Na Roho? Fungua 1 Wakorintho sura ya kwanza. Paulo anasema hakumbatiza mtu kwao ila Krispo na Gayo. Mistari miwili tu baadaye anajirudi: aha, na watu wa nyumbani kwa Stefana pia, zaidi ya hao, hajui kama alimbatiza mwingine. Amesahau, akakiri, akaendelea na hoja. Waefeso 3 ni nzuri zaidi: anaanza "Kwa sababu hiyo mimi Paulo, ni mfungwa wake Kristo Yesu", halafu anatoka kwenye njia anazungumza habari ya siri ya Mataifa kwa aya kumi na mbili, mpaka mstari wa 14 anaposhika tena: "Kwa hiyo nampigia Baba magoti." Kwa Kigiriki maneno ya mwanzo wa mistari hiyo miwili ni yale yale. Alirudi kwenye sentensi aliyoiacha akaiokota, sawasawa na ninavyokushauri.

Agostino wa Hippo, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema kabla hajawa askofu, alipotewa pia. Possidius, aliyeishi naye na kuandika maisha yake, anasimulia kwamba siku moja mezani Agostino aliwauliza wenzake kama wameona mahubiri yake yalivyotoka kwenye somo alilolianza na kuishia kuwapinga wafuasi wa Mani, watu wa dini nyingine ya enzi hizo. Wakasema ndiyo, tumeona, tulishangaa. Siku moja mbili baadaye akaja mfanyabiashara aitwaye Firmus, akapiga magoti analia: alikuwa mfuasi wa Mani kwa miaka mingi, na maneno yale yasiyokuwa kwenye mpango ndiyo yaliyomtoa.

Lakini kisa hicho usikitumie kama mwavuli. Nimewasikia vijana wakisema "Roho amebadilisha ujumbe" kumbe ujumbe haukuwahi kuandaliwa. Ule mstari wa kutofikiri mtakavyosema, katika Luka 12, waliambiwa watakaoburutwa mbele ya masinagogi na maliwali, si aliyeshinda Jumamosi akitazama mpira. Agostino alikuwa na somo; lilimponyoka. Nawe ulikuwa nalo.

Kwa sikukuu ya mavuno, basi: hadithi moja, viungo vinne, chini ya dakika ishirini, kwa kuwa mnada unasubiri na jua nalo linasubiri. Wageni wa Masasi wakae watakapokaa. Wewe watazame watu wako.

Bado yule mzee. Waislamu tunaoishi nao wametupita kwa hili: imamu akikwama kwenye kisomo katikati ya sala, aliye nyuma yake humtajia aya inayofuata, naye huichukua na kuendelea, wala baada ya sala hakuna anayemwuliza leo alikuwa na nini. Mwendee mzee wako kabla ya Jumapili. Mwambie, "Baba, siku ile mawazo yalikatika." Kisha umwombe akae benchi la mbele, upande wa mkono wako wa kulia, na ukinyamaza ukamtazama, akutajie neno la mwisho ulilolisema.